Kafana ya Marehemu Stamenka

Suvi Brod, 11 Machi

Relja,

Umeniua, na hata arobaini hukunifanyia.

Usijitie hujui. Lile daftari lako la jalada la bluu, ulilolisahau kwenye benchi la dirishani ulipokuja Krismasi, ninalo hapa magotini. Nimelisoma lote kwa miwani ya marehemu babu yako, mara mbili, kwa kuwa siku hizi nina nafasi. Ukurasa wa tatu, kwa penseli, na mwandiko ni wako: "Kafana ya njia panda. Mwenyewe, Bibi Stamenka, amekufa. Kazikwa chini ya mpeasi. Mjukuu karithi." Halafu umeichora kafana yangu yote: jiko la kuni, meza yenye mguu mfupi niliyoitilia kipande cha kigae, hata msumari ninaotundikia aproni. Miaka hamsini na sita nawapa watu pombe ya rakija na maharage katika nyumba hii ya wapita njia, wewe umeizika kwa mstari mmoja. Nilifungua dirisha nikautazama mpeasi. Hakuna kaburi. Nikajishika shingoni kama daktari anavyofanya. Moyo unapiga, tena kwa hasira.

Salamu ndizo hizi, ingawa hujazistahili. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Ljubinka wa ng'ambo ya kijito kamwoza mjukuu wake kwa mtu wa Niš asiyekunywa wala kula nyama, sijui mezani wanaongea nini. Baba yako kapiga simu kutoka Ujerumani, sikusikia kitu. Sikio la kulia limekufa kabisa, limebaki la kushoto, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia kelele. Kafana iko kama ulivyoiacha. Hakuna hata kiti kimoja kilichosogezwa.

Sasa la maana. Gvozden mwenye kiwanda cha mbao kaja tena. Anaitaka nyumba aifanye ghala la matairi. Nimemwambia nina mrithi. Akauliza, mrithi kasemaje? Nikamwambia hilo halimhusu. Lakini wewe linakuhusu. Nangoja neno lako tangu sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa nyumba yetu, mwaka jana mwishoni mwa Oktoba kwa kalenda yetu, ulipoondoka hapa na kifurushi changu mkononi, na unajua nangoja neno gani. Badala ya kunijibu, unanizika.

Niandikie kwa nini nimekufa, na nimekufa kwa ugonjwa gani.

Bibi yako, mzima,
Stamenka


Novi Sad, 2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikashuka vituo viwili kupita nyumbani, nikarudi kwa miguu. Mama hajambo, anakusalimu, kahamishiwa zamu ya asubuhi na anasema sasa analala kama watu. Mimi bado niko kwenye ofisi ile ile, nachora ramani za mabomba ya maji. Mto umejaa mpaka ngazi ya tatu, watu wanakwenda kuutazama kama sinema.

Bibi, sikukuua. Ni mchezo. Tunakaa watano mezani kila Jumapili mchana nyumbani kwa Dunja, tuliyesoma naye. Dunja ndiye msimulizi: yeye anatuambia tuko wapi na tunaona nini, katika nchi aliyoibuni, yenye majoka na wachawi. Sisi wanne kila mmoja ana mtu wake wa kumchezea. Mimi ni mpiga upanga aliyechoka vita. Rafiki yangu Strahinja ni mchawi wa moto. Wawili waliobaki, mmoja ni mwizi, mmoja kasisi mwenye rungu. Tunasema tunafanya nini, na jambo likiwa gumu tunarusha dadu yenye pande ishirini. Ikitoka namba kubwa umefaulu, ikitoka ndogo umeumia. Basi.

Jumapili ya kwanza ya Novemba Dunja alisema mpiga upanga wangu karithi kafana kwa bibi yake, akaniuliza ni kafana ya namna gani. Mimi kafana ninayoijua ni moja tu. Na mtu harithi kwa aliye hai, Bibi, ndiyo maana nikaandika vile. Ugonjwa sikuutaja.

Shida ni kwamba haiendi. Tumeweka mlinzi wa mavazi ya chuma mlangoni, tumeajiri mwimbaji, tumeandika vyakula thelathini ukutani. Wageni wanaingia, wanaonja, wanatoka, na moshi unarudi ndani kutoka kwenye dohani. Strahinja amechoka. Anasema sisi ni mashujaa, si wapika supu, tuichome au tumpe tajiri mmoja wa milimani, twende tukaue joka. Tumekubaliana kwamba mwisho wa kiangazi, ikiwa haijasimama, tunapiga kura.

Sitaki ichomwe. Nifundishe, Bibi. Kafana inaendeshwaje?

Habari ya Gvozden tutaongea nikija.

Mjukuu wako,
Relja


Suvi Brod, 27 Aprili

Relja,

Nimefurahi mama yako analala. Kwa mengine yote nimekasirika.

Mbuzi mmoja kala kona ya barua yako, nikamwachia pale penye joka. Pasaka tuligonganisha mayai ya kuchemsha tuone la nani litabaki zima, mimi na Ljubinka na mtu wa Niš, na yai langu likayavunja yote, kama kila mwaka. Ljubinka anasema ni la mbao. Nimemwambia alile aone.

Una miaka thelathini na moja. Babu yako Gruja katika umri huo alikuwa ameshajenga dohani mbili na kubomoa moja. Wewe unarusha dadu Jumapili, halafu unaniuliza mimi, marehemu, kafana inaendeshwaje. Kila kiangazi ulikuwa hapa, umekaa juu ya pipa unakula mkate wenye mafuta ya nguruwe. Ulikuwa unatazama nini?

Haya, sikiliza, na uwasomee na hao mashujaa.

Mwenye mavazi ya chuma mfukuze leo. Nani anaingia kunywa mahali anapotishwa kabla hajakaa? Mlangoni anawekwa mzee mwenye maneno mengi, upande wa upepo, ili wapita njia wamsikie akicheka. Mimi nilikuwa na Radisav fundi viatu, Mungu amrehemu, miaka ishirini kiti kile kile, kaniletea wageni wengi kuliko kibao cha barabarani. Mwimbaji mfukuze pia mpaka dohani isafishwe. Mtu anayelia kwa moshi hajui kama wimbo ni mzuri. Na vyakula thelathini! Sufuria ni tatu: maharage, kabichi ya kuchachusha, supu ya mifupa. Maharage yanalowekwa tangu jana yake, yanapanda jikoni kabla hujanawa uso. Mlevi hafukuzwi. Mlevi anaombwa akapasue kuni, na shoka unalificha wewe kwanza. Akimaliza kulitafuta atakuwa amesahau ugomvi. Na usikae mezani na wageni wako. Ukikaa nao nawe ni mgeni, na nyumba haina mwenyewe.

Huyo Strahinja mwambie hivi kutoka kwangu: joka linauawa mara moja, supu inapikwa kila siku.

Sasa nisikilize mimi. Umenijazia kurasa za kafana isiyokuwepo, na iliyopo umeipa mstari mmoja. Tutaongea nikija, umesema. Baba yako alisimama mbele ya jiko hili akaniambia, Mama, siitaki, nakwenda Ujerumani. Nililia wiki nzima, na nimemheshimu maisha yote. Ni neno moja, Relja. Linatoka kwa pumzi moja.

Bibi


Novi Sad, 15 Juni

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kuchelewa. Mama aling'olewa jino, kazi zilinizidi, na kila nikikaa kuandika nilikuwa nasimama tena. Wageni wako hawajambo? Hujaniandikia habari za hata mmoja.

Barua yako niliisoma mezani, yote ya kafana. Strahinja alicheka mpaka akasukuma kiti, akauliza huyu bibi yuko upande gani wa vita. Dunja akamwambia arushe dadu ya maharage. Akarusha, ikatoka ishirini. Tangu siku hiyo hacheki sana. Tumefukuza mlinzi, tumesafisha dohani, tumebaki na sufuria tatu. Mlangoni tumemweka mzee anaitwa Radisav, na Dunja anamwigiza kwa sauti ya kikohozi mpaka tunalia. Jumapili tatu mfululizo kafana ilijaa. Mwizi alipasua kuni mwenyewe.

Kisha mambo yakageuka. Kuna kiti karibu na jiko. Kila anayekikalia anaanguka. Rakija ikikaa siku moja inakuwa siki. Na kila alfajiri, chini ya mpeasi, kuna kugonga mara tatu, kama mtu nje ya mlango. Strahinja ametupa moto, ametuchorea duara la uchawi uani. Kasisi ameomba mpaka rungu likang'aa. Mwizi alifukua kaburi, akakuta aproni tu, imekunjwa. Kugonga hakukomi. Wageni wamekimbia tena, na Strahinja ameshaandika karatasi za kura.

La ajabu ni kwamba Dunja hacheki anaposimulia sehemu hii. Hawatazami wengine. Ananitazama mimi.

Huku kazi ni nyingi, Bibi, mradi wa mabomba ya mtaa mpya hauishi. Unajua mji ulivyo.

Relja


Suvi Brod, 1 Agosti

Relja,

Nimechelewa kwa kuwa nimechelewa.

Ljubinka anakusalimu. Mbuzi wote nimempa yeye, walikuwa wanapiga kelele. Plamu mwaka huu zimeinamisha matawi mpaka chini. Unauliza wageni. Wageni ni wageni.

Mko watano mezani na hakuna hata mmoja mwenye bibi? Mchawi anatupa moto, kasisi anang'arisha rungu, mwizi anafukua kaburi la mwanamke wa watu na kumshika aproni kwa mikono michafu. Mwambie akome.

Mlipata funguo Jumapili, na Jumapili hiyo hiyo mkauza kinywaji. Arobaini ya marehemu iko wapi? Ngano ya kuchemsha, na sukari, na kokwa za jozi, iko wapi? Nani alimwaga glasi ya kwanza kizingitini? Na huyo mjukuu, alipovuka kizingiti na upanga wake, alisema nini? Najua alichosema. Hakusema kitu. Hapa kwetu anayerithi nyumba ya kulisha watu anasimama nje ya mlango, anamwaga glasi, anataja jina la aliyekuwamo, anasema kwa sauti: naichukua. Kama haitaki anasema siitaki, nyumba inafungwa, yamekwisha, marehemu anakwenda zake. Siku ilipotimia arobaini ya marehemu mama wa Gruja nilisimama pale mimi, na tumbo la miezi saba la baba yako, nikasema naichukua. Nilikuwa siitaki, Relja. Nilikuwa nataka kwenda Niš kushona nguo. Lakini mwenye nyumba alikuwa anangoja, na hangojeshwi mtu aliyekulisha.

Huyo anayegonga chini ya mpeasi hana kisasi. Anauliza. Kiti cha jikoni ni chake, amekaa anangoja jibu, ndiyo maana mwingine hakai. Rakija inachacha kwa sababu haina mwenyewe. Hawezi kwenda wala kubaki mpaka aambiwe nyumba ni ya nani. Usimtupie moto mtu anayeuliza.

Mwenye hasira ni mimi. Nakuuliza jambo moja, sirudii. Ile robo ya mkate wa Mtakatifu Luka niliyokufungia kwenye kitambaa cheupe, uliifanyia nini?

Gvozden kaja na mkanda wa kupimia, kapima upana wa mlango. Nimempa mpaka sikukuu ya Luka. Baada ya hapo nitatia sahihi.

Stamenka


Novi Sad, 2 Septemba

Shikamoo Bibi,

Mama hajambo. Mimi sijui nikwambie nini kuhusu mimi.

Tuliila. Ilikuwa Jumapili ile ya kwanza ya Novemba. Niliiweka mezani katikati ya dadu, Strahinja akaikata kwa kisu cha jibini, tukala wote watano, makombo yakaanguka juu ya ramani. Dunja peke yake alikishika kipande chake mkononi akaniuliza nani kanipa. Nikasema bibi yangu. Akauliza, "Robo? Alikupa robo, si kipande?" Nikasema robo, kwani kuna nini. Akakila polepole. Dakika hiyo hiyo akatangaza kwamba nimerithi kafana.

Nilipowasomea barua yako, Dunja alisimama akaenda dirishani. Akaniuliza, akiwa kanipa mgongo, kwetu robo ya mkate wa mtakatifu anapewa nani. Nilikuwa sijui, Bibi. Nilidhani ni mkate wa njiani. Akageuka.

"Anapewa anayekabidhiwa nyumba," akasema. "Bibi yako alikukabidhi nyumba, wewe ukaileta kwenye sahani ya jibini."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nakuambia kila Jumapili tangu Novemba," akasema.

Strahinja alianza kuokota makombo ambayo hayapo.

Kisha tukafanya ulivyoandika. Dunja alichemsha ngano, ikaungua kidogo. Akatusimamisha kwenye mlango wa nyumba yake, akanipa glasi. Strahinja akaniletea dadu nirushe. Dunja akaichukua akaitia kikombeni akafunika kwa kiganja, akasema hili halina dadu. Nikamwaga. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Strahinja akasema ni mchezo tu, bwana, sema twende zetu. Nikamwambia si mchezo, nikavaa koti nikaondoka, glasi ikiwa bado mkononi.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza. Ya pili nilirudi na glasi yao. Nikasimama pale pale, nikasema, "Stamenka, naichukua." Dunja akasema kugonga kumekoma. Akasema mtu kainuka kwenye kiti cha jikoni, kafungua mlango, katoka kutazama plamu. Strahinja alizikunja karatasi zake za kura akazitia mfukoni, akauliza kama maharage yapo.

Kule nimesema. Kwako nimeshindwa kuandika, hii ni karatasi ya tano. Mimi najua kuchora mabomba tu. Naogopa nikiichukua nitaiua mimi, na nitaiua polepole kuliko matairi ya Gvozden.

Jingine. Nyuma ya bahasha yako ya Agosti Bogoljub wa posta ameandika kwa kalamu yake nyekundu: "Mlango umefungwa tangu Epifania ya Januari. Alianguka kwenye barafu kisimani, akavunjika nyonga. Hataki mjue." Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe. Ndiyo maana hakuna kiti kilichosogezwa? Ndiyo maana una nafasi ya kusoma? Kwa nini hukuniambia, Bibi?

Relja


Suvi Brod, 5 Oktoba

Relja,

Bogoljub ananitupia barua kutoka kwenye lango sasa, kwa sababu anajua urefu wa mkongojo wangu. Nimemwambia mtu wa posta kazi yake ni kubeba maneno ya watu, siyo kuongeza yake. Akasema, "Mama Stamenka, na wewe kazi yako ni kufungua mlango, na huufungui." Nimempa rakija, lakini ndogo.

Ndiyo, nilianguka. Siku kumi na mbili baada ya wewe kuondoka. Nililala kisimani mpaka Ljubinka aliposikia ndoo haigongi. Wiki sita hospitali ya mjini, supu yao maji matupu. Nimerudi na chuma ndani ya nyonga na miguu isiyonisikiliza. Wageni wanapita, wanapunguza mwendo, wanaangalia dohani kama inatoa moshi, wanaendelea. Yule anayegonga na kungoja, mimi namjua vizuri kuliko Dunja wako.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka jibu, sikutaka huruma. Mtu akisikia nyonga anasema ndiyo kwa kila kitu, halafu miaka kumi anapika supu ya majuto, na wageni wanaionja, usidhani hawaionji. Mkate pia sikukueleza. Mimi nilipopewa wangu sikuelezwa. Vitu kama hivyo nilidhani mtu anazaliwa anavijua. Hapo nilikosea, na silirudii neno hilo, kwa hiyo lisome vizuri.

Mmeula na jibini. Siku tatu sikumfungulia mtu, hata Ljubinka, na yeye alidhani nimeugua. Siku ya nne nikafikiri: mkate wa Luka hauliwi na mtu baki. Aliyeula ameingia nyumbani, apende asipende. Basi mmeingia watano, kwa mpigo mmoja, na kisu cha jibini. Tangu babu yako afe hapakuwahi kuingia watano.

Unaogopa utaiua. Mwezi wangu wa kwanza niliunguza maharage siku nne mfululizo. Gruja aliwaambia wageni ndivyo yanavyopikwa Uturuki, na mmoja akaomba aongezwe. Kafana haiuawi na maharage. Inauawa na mlango uliofungwa. Wala sikusema uache mabomba yako. Wako wanaofungua Jumamosi na sikukuu tu, na watu wanawangoja wiki nzima. Hilo sikukuomba, nimelitaja.

Lakini lile ulilosema kule halihesabiki. Umelisema kwenye mlango wa mtu mwingine, mbele ya kikombe cha dadu, kwa marehemu ambaye hajafa. Siitaki ndiyo ya mlango wa Dunja. Hata hapana naipokea, Relja, nilishaipokea kwa baba yako na bado ninakula. Ila nataka kuisikia.

Basi fanya hivi. Tarehe thelathini, mkesha wa Luka, pandeni basi la kwanza la asubuhi, wote watano, asikosekane hata mmoja aliyeula. Strahinja aje na nguo mbovu: anayependa moto atapanda juu ya paa asafishe dohani, ndipo atajua moto unatoka wapi. Ngano ataisimamia Dunja, na safari hii nitakuwa nimekaa karibu, haitaungua. Jozi nimeshazivunja. Mwizi asiguse aproni yangu. Gvozden nimemwambia awe barabarani basi likifika, asimame asikie kwa masikio yake, na mkanda wake wa kupimia abaki nao mfukoni.

Wewe usiingie. Mimi nitakuwa ndani, kwenye kiti cha jikoni. Glasi nitaiacha dirishani. Simama nje ya kizingiti, mwaga, taja jina langu, sema mojawapo ya yale mawili, kwa sauti, upande wa sikio la kushoto. Sijafa, kwa hiyo nitakujibu.

Daftari lako liko mezani, ukurasa wa tatu. Pale ulipoandika "amekufa" nimekata kwa wino, nikaandika juu yake "anangoja". Njoo na kifutio. Lifute lile kaburi la chini ya mpeasi, vua koti, uloweke maharage.

Stamenka